Hadhari ya Mlima Hufanywa Bondeni

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliona kwa mbali kitu cheupe juu ya kilele cha mlima mkubwa katika nchi ya Wachaga, ndio Kilimanjaro, na alipomwuliza kiongozi wake, mtu wa Pwani, kitu kile ni nini, kiongozi hakuwa na jina la kukiita, akamjibu tu kwamba ni baridi. Wanajiografia wa London walimbishia Rebmann kwa miaka mingi, wakishikilia kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga hawakuhitaji ithibati ya London. Walikuwa na habari yao wenyewe, ambayo Rebmann aliisikia na kuiandika, ya mangi, yaani mtawala, mmoja wa Machame aliyepeleka kundi la watu juu kuichungua ile dutu iliyong'aa mfano wa fedha; watu wale wakaangamia, na aliyebahatika kurudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Watu waliwasingizia mashetani wa mlimani, na katika hali yao ya wakati ule sioni kwamba walikosea sana, kwa kuwa kitu kinachoua bila ya kuonekana, na kinachomvuruga mtu akili kabla ya kumuua, hakina budi kuitwa kwa jina fulani.

Tangu siku zile mlima umepata njia, malango, vituo vya kulala, askari wa hifadhi na machela za kushushia wagonjwa, na kila mwaka makumi ya maelfu ya watu huupanda, wengi wao wakirudi salama. Walakini mambo mawili yaliyowaangamiza watu wa mangi, yaani hewa hafifu na baridi, yako palepale yalipokuwa, wala hayakupungua nguvu kwa sababu sisi tumejenga vibanda; na yote mawili yana tabia moja ambayo kila aingiaye mlimani apaswa kuijua kuliko anavyojua bei ya viatu vyake. Hayaanzi kwa kumshika mtu miguu wala kifua, bali huanza kwa kumpunguzia fahamu. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa mwinuko, au ambaye joto la mwili wake limeanza kushuka, aghalabu huwa wa mwisho katika msafara kutambua kuwa yeye ni mgonjwa: hukasirika akiulizwa hali, hushikilia kuwa hajambo, hukosea vifungo vya koti lake asione, na huwahimiza wenziwe waendelee kwa kuwa kilele kimekaribia, ilhali kila hatua anayoiongeza inamtenga na uzima. Kwa hiyo hatari ya mlimani haiwezi kungojewa itokee ndipo ifikiriwe, maadamu chombo cha kufikiria ndicho kitangulicho kuharibika. Nahodha mwelekevu hukubaliana na mabaharia wake, jahazi lingali limetia nanga, ni upepo wa kadiri gani utakaowafanya wapunguze tanga na ni wingu la namna gani litakalowarudisha bandarini. Na mpanda mlima naye imempasa kuyakata mashauri yake makubwa akiwa bado bondeni, ameshiba, amelala, na akili yake ni timamu.

Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayofahamika kidogo kuliko mambo yote ya mlimani. Hewa ya Tanga na hewa ya kilele cha Uhuru zina sehemu ileile ya oksijeni, kiasi cha 21 katika kila 100. Kinachopungua kwa kadiri mtu anavyopanda ni mgandamizo wa hewa yenyewe, hata katika mita 5,895, ulipo mwisho wa Kibo, kilele kikubwa cha mlima, pumzi moja humletea mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyo hiyo ingemletea akiwa ufukoni. Mwili hauketi kitako ukangojea kufa. Mapafu huvuta kwa haraka, moyo huenda mbio, figo hubadilisha mizani ya damu, na siku zikipita damu yenyewe huzidisha chembe zake nyekundu. Yote hayo ni matengenezo yanayotaka muda, na muda huo haununuliwi kwa fedha wala haufupishwi kwa misuli. Hapo ndipo vijana wengi wakakamavu hudanganyika, wakidhani kuwa aliyezoea kukimbia na kucheza mpira atauzoea mlima upesi kuliko mzee wa makamo. Kumbe afya ya mwanariadha haimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko hata kidogo, na pengine humzidishia hatari, kwani humwezesha kufika juu kwa mwendo ambao damu yake haijauwahi. Mzee aendaye polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, aghalabu ndiye anayelala usingizi mwema jioni.

Madaktari wa milimani wamekubaliana juu ya kanuni moja nyepesi: mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala leo pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila ya kupanda kituo cha kulala. Sasa tuitazame njia ya Marangu, ambayo ni kongwe na ndiyo yenye vibanda, kama wengi wanavyoipanda kwa siku tano. Siku ya kwanza mtu hulala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, mita 3,720. Ya tatu kibanda cha Kibo, kiasi cha mita 4,720. Na usiku uleule, kabla hajalala vya kutosha, huamshwa kuianza safari ya kilele. Kila usiku ameongeza mita 1,000, maradufu ya kadiri iliyo salama, na usiku wa mwisho ataongeza karibu mita 1,200 nyingine. Sistaajabu kwamba watu wengi wa siku tano hurudi bila ya kuona kilele, na wengine hurudi wamelala juu ya machela. Ninalostaajabia ni kuwa safari hiyo bado huuzwa, na hununuliwa, kwa sababu ya tofauti ya malipo ya siku moja. Siku hiyo ya nyongeza, ambayo mtu hukaa Horombo akatembea kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale, ndiyo dawa iliyo bora kuliko zote zilizomo katika mfuko wa mwongozaji. Na njia ndefu za Machame na Lemosho zina fadhila nyingine ya namna hiyo, kwa kuwa zinampitisha mtu kwenye Mnara wa Lava, mita 4,600, kisha zikamshusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000, mwili ukaonjeshwa taabu na kupewa nafasi ya kujitengeneza. Wakenya nao wana jambo la kuangalia katika mlima wao, Mlima Kenya. Ncha ya Lenana ina mita 4,985 tu, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni nyepesi, lakini wapandaji wengi huifikia kwa siku tatu, wakiruka kutoka kituo cha mita 3,050 hadi kambi ya mita 4,200 kwa siku moja.

Mtu akipanda, dalili za kwanza huwa ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na kukosa usingizi. Dalili hizo ni za kawaida, na mtu anayezipata hajafikiwa na maafa. Amepewa onyo tu, na wajibu wake ni kukaa pale alipo, kunywa maji, kupumzika, wala asipande hata mita moja mpaka zimtoke. Maafa yenyewe ni mawili. La kwanza ni kuvimba kwa ubongo, ambako hujulikana kwa mtu kupoteza mizani ya mwili na ya maneno: mwambie atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule, na kama anayumba kama mlevi, basi amekwisha kuingia katika hatari ya roho. La pili ni maji kuingia mapafuni, ambako hujulikana kwa mtu kuhema hali ameketi kitako, kukohoa kusikokwisha, midomo kugeuka rangi, na mwishowe kutoa makohozi yenye povu la damu. Na hili hupenda kuzidi usiku, mgonjwa akiwa amelala, ndipo wenziwe wakadhani kuwa ni kikohozi cha vumbi. Kwa yote mawili dawa ni moja, nayo ni kushuka. Kushuka sasa hivi, usiku ukiwa ni usiku na mvua ikiwa ni mvua, wala si kungojea kupambazuke. Na mgonjwa asishuke peke yake. Oksijeni ya chupa humfaa kwa muda, na ziko sindano na vidonge ambavyo mwongozaji aliyefunzwa huvitumia, lakini vyote hivyo hutumika ili mgonjwa aweze kushuka, wala havimpi ruhusa ya kubaki juu. Kiko pia kidonge cha asetazolamidi ambacho wengi hukimeza tangu siku moja kabla ya kupanda ili kuuharakisha mwili kuzoea. Mtu akitaka kukitumia na amwone daktari kwanza akiwa mjini, kwa maana si kila mwili unakipokea, na kuonja dawa kwa mara ya kwanza mahali pasipo daktari ni kujiongezea balaa. Siku hizi waongozaji wengi hubeba kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Ni chombo chema, lakini vidole vya baridi humpa jibu la uongo anayekitegemea, na hakiwezi kuchukua mahali pa mtu anayemtazama mwenziwe usoni na kumwuliza jana alikula nini.

Hili la kutazamana ndilo ningependa lishikwe na kila kikundi. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kujihukumu, hukumu yake haina budi kuwekwa amana kwa mwingine, na iwekwe mapema, kwa maneno yaliyotamkwa mbele ya wote. Wawili wawili wafungamane kwamba kila mmoja atamwangalia mwenziwe asubuhi na jioni. Wote kwa pamoja wamwambie mwongozaji, wakiwa Moshi na si mahali pengine, kwamba akisema "tunarudi" hakuna atakayebishana naye, wala kumkumbusha fedha zilizolipwa, wala kumtajia bakshishi. Mwongozaji ni mtu mwenye njaa na watoto kama watu wengine, na anajua kuwa mgeni aliyefika kileleni hutoa kwa moyo mkunjufu kuliko aliyerudishwa njiani. Mgeni mwungwana humwondolea mtihani huo kabla haujamfika.

Mfano ulio wazi wa kurudi kwa wakati haukutokea kwa mtu dhaifu, bali kwa wale wale waliokuwa wa kwanza kujulikana kufika juu. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alijaribu mwaka 1887, barafu ikamzuia kwa kuwa hakuwa na zana za kuikabili. Alipokuja tena mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa hodari wa milima, hakuja na ushujaa uliozidi ule wa kwanza. Alikuja na mpango. Alipanga kambi kutoka Marangu hadi juu, na wapagazi wakawa wanapeleka chakula kwa zamu, ili jaribio moja likishindikana asilazimike kushuka bondeni na kuanza safari upya. Katika kambi ya juu alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyevumilia baridi ile siku nyingi akiilinda kambi na kuwapikia, na bila ya mtu huyo sijui kama historia ya mlima ingeandikwa kama ilivyoandikwa. Tarehe 3 Oktoba wale wawili walikata ngazi katika barafu mpaka wakafika ukingo wa kreta, wakakiona kilele kwa macho yao, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka pale waliposimama. Mchana ulikuwa umekwisha kupinduka, nguvu zimewaishia, na kama wangeendelea wangelala juu bila ya kitu cha kujifunika. Wakarudi. Walishuka, wakapumzika, wakahamisha malazi yao karibu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakapanda tena, wakafika. Saa ile ya tarehe 3, ambapo jambo lililokuwa halijafanywa na mtu anayejulikana lilikuwa mbele ya macho yao na wao wakaligeuzia kisogo, naiona kuwa ni saa ya heshima kuliko ya tarehe 6.

Wapandaji wa leo wanafaa kuichukua hekima hiyo kwa kujiwekea saa ya kurudi. Safari ya kilele huanza kiasi cha saa 6 usiku, ili watu wawe Gilman's Point, mita 5,685, au Stella Point kwa njia nyingine, kwenye ukingo wa kreta, karibu na mapambazuko, kabla ya jua kulegeza changarawe na mawingu kufunga. Kikundi kipatane kwamba saa fulani ya asubuhi, wawe wamefika au hawakufika, nyuso zitageuka. Saa hiyo hutajwa kibandani, wala haijadiliwi tena mlimani, na inafaa ikumbukwe kuwa kileleni ni nusu ya safari tu: siku hiyohiyo mtu atashuka mpaka Horombo, zaidi ya mita 2,000 kwa magoti yaliyokwisha choka, na huko ndiko kwenye kuteguka vifundo na kuvunjika mikono, kwa watu ambao fikira zao zimekwisha fika nyumbani.

Baridi ina hila nyingine. Mtu wa Pwani hujiandaa kwa ajili ya theluji ya kileleni, akaazima koti kubwa na kofia ya sufu, kumbe baridi inayomdhuru humkuta siku ya kwanza msituni, ambako mvua hunyesha karibu msimu wowote, nguo zikalowa, na jua likichwa upepo humaliza kazi. Joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hata ikiwa Moshi watu wanajipepea, kileleni usiku huohuo huweza kuwa na digrii 10 au 15 chini ya sifuri. Lakini mtu mkavu mwenye nguo za kutosha huistahimili hali hiyo, na mtu aliyelowa huweza kufa kwa baridi mahali ambapo maji hata hayagandi. Kwa sababu hiyo nguo ya pamba inayogusa mwili, ambayo ni neema Zanzibar na Lamu, mlimani ni adui, kwa kuwa hunywa jasho na mvua ikakaa nayo. Sufu, au zile nguo za nyuzi za viwandani zikaukazo upesi, ndizo zivaliwazo ndani, na juu yake sweta zito, na juu ya yote koti lisilopenya maji wala upepo. Soksi kavu na nguo za kulalia zifungwe katika mfuko wa nailoni usioingia maji, na zisivaliwe kutwa hata mtu akishawishika namna gani. Fauka ya hayo, koti la mvua, sweta moja, maji na chakula kidogo visimwache mwenyewe: mizigo mikubwa hutangulia na wapagazi, na mara nyingi wenye mizigo hukutwa na dhoruba hali nguo zao zote za joto ziko mbele yao kwa saa mbili.

Mtu akianza kutetemeka, mwili wake bado unapigana. Akianza kudondosha vitu, kujikwaa mahali tambarare, na ulimi kuwa mzito, vita vinamshinda. Na akiacha kutetemeka ilhali baridi ni ileile, wenziwe wasifurahi wakadhani kuwa amepata nafuu, kwa kuwa mwili umekwisha salimu amri. Avuliwe nguo zilizolowa mahali penye kinga ya upepo, atandikiwe kitu kizito chini yake, kwani ardhi hunyonya joto kama hewa au zaidi, avishwe vikavu, atiwe katika mfuko wa kulalia, na kama anameza vizuri apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe, ambayo humwaga lile joto dogo lililosalia.

Yako mambo madogo ambayo hayahitaji maneno mengi. Taa ya kichwani iwe na betri za akiba, na betri zote, pamoja na simu, zilale ndani ya mfuko wa kulalia, kwa maana baridi huziua. Filimbi ifungwe begani: milio mitatu, kimya, kisha mitatu tena, ni wito wa msaada unaofahamika na watu wa milimani, na sauti yake huenda mbali ilhali sauti ya mtu aliyechoka haifiki ng'ambo ya bonde. Chupa ya maji usiku wa kilele igeuzwe kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu, na mdomo wa chupa ukabaki wazi. Mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti Horombo, na baadaye mwaka huohuo kileleni, jambo lililo jema kwa uokoaji. Hata hivyo simu haimbebi mtu, na anayepigiwa simu hana budi kupanda kwa miguu mpaka alipo mgonjwa, ama mgonjwa ateremshwe na wale walio naye kwa machela, ambayo juu ya mawe na matope huhitaji watu wengi wa kupokezana.

Watu hao wengi ni akina nani? Ni wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Na hapa kalamu yangu inakuwa nzito, kwa sababu wale tunaowategemea siku ya dharura ndio wasioandaliwa kwa dharura. Mgeni huja na viatu vya ngozi na koti la manyoya ya bata. Kijana anayembebea mizigo huweza kumtangulia kwa raba zilizotoboka, sweta la mtumba, na gunia alilojifunika kwa mvua. Hufika kambini amelowa jasho, akasimamisha mahema, akachota maji, na usiku hulala na wenziwe wengi katika hema la kulia chakula, baada ya wageni kumaliza kula na sakafu yake kukanyagwa matope. Wako wanaodhani kuwa aliyezaliwa Kibosho au Marangu ana damu ya mlima, wala hewa ya juu haimfanyi kitu. Si kweli. Vijiji vya Wachaga viko chini ya mita 2,000, na mtu wa huko, kama mtu wa Mombasa, hupata ugonjwa wa mwinuko na hufa kwa baridi, na wamekwisha kufa mlimani wapagazi ambao kosa lao lilikuwa ni umaskini wa nguo. Tena mpagazi ana sababu ya kuficha maradhi ambayo mgeni hana: akisema kichwa kinamwuma atashushwa, na akishushwa huogopa kupoteza ujira wake na asiitwe safari ijayo. Na akishushwa, mara nyingine huambiwa ashuke peke yake, jambo ambalo mgeni yeyote angelikataa kwa hasira kama angefanyiwa yeye.

Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na iko mizani malangoni ya kuupimia. Sheria hiyo ni njema na inastahili kusifiwa, lakini mizani haipimi nguo alizovaa mbebaji, wala haiulizi atalala wapi. Kazi hiyo imewabakia wanaolipa. Na siku hizi wanaolipa si wageni wa ng'ambo tu, kwani tangu usiku ule wa 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoupeleka mwenge na bendera ya Tanganyika huru kileleni, wananchi wamekuwa wakiiona safari ya Uhuru kuwa ni yao, na kila Desemba vikundi vya wafanyakazi, wanafunzi na wanajeshi huupanda kwa kumbukumbu hiyo, katika msimu ambao mvua za vuli hazijaisha, wengi wao kwa makoti ya kuazima na kwa njia ya siku tano.

Nawaomba hao hasa, kabla ya kutoa malipo kwa kampuni yoyote, waende ofisini kwake Moshi au Arusha na waulize kwa upole lakini kwa uthabiti: safari hii ni ya siku ngapi, na siku ya kuzoea hewa iko wapi, nani kati ya waongozaji amefunzwa huduma ya kwanza ya mlimani, na ikiwa mmoja wetu atashushwa usiku, nani atabaki na waliosalia, oksijeni iko, na ilijazwa lini, wapagazi watalala wapi, watakula mara ngapi kwa siku, na nani hukagua viatu na makoti yao kabla ya kutoka, na mpagazi akiugua juu ya Horombo, nani atafuatana naye kushuka, na ujira wake utalipwa wote au hautalipwa. Kampuni yenye mambo yake sawa itajibu yote hayo kabla chai haijapoa. Ikisitasita katika swali la wapagazi, ziko nyingine katika mtaa uleule.